Mfasiri wa Tamthilia Mbele ya Maikrofoni

Hotuba ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliwatolea wazee wa Dar es Salaam katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, tarehe 2 Novemba 1978, siku hizi hutufikia ikiwa imebaki sekunde chache tu. Redio huzicheza Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu, inapokaribia. Washabiki wa Simba na Yanga huyatumia maneno yake kutambiana. Mwanasiasa akitaka kuamsha mkutano uliopoa, huyachomeka. Uwezo upo, sababu ipo, nia ipo, watu wanapiga makofi, na hapohapo mkataji amekata.

Nataka kuichambua hotuba hiyo, pamoja na nyingine chache za miaka ya baadaye, kama kazi ya sanaa yenye umbo lake: imepangwaje, nani anasema ndani yake, nani anajibu, na kwa nini inasisimua ukiisikia na kupoa ukiisoma kitabuni. Naamini kwamba kwenye kanda zile hatumsikii mhubiri wala mtoa nasaha. Tunamsikia mtu wa tamthilia. Kila anapotaka kujenga hoja anaigawa kwa wahusika, anawapa maneno ya kusema, anawajibu, kisha anamwachia msikilizaji nafasi yake katika mchezo. Anayebaki na zile sekunde chache amebaki na kauli, na mchezo wenyewe ameutupa.

Utamthilia huo Nyerere hakuuokota njiani. Alisoma Makerere, akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 akafundisha Pugu hadi siasa ilipomtoa darasani mwaka 1955. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa mwaka 1963, akiwa tayari Rais. Mwaka 1969 ikatoka upya ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Watu huzitaja tafsiri hizi kuonyesha kwamba Kiswahili kinamudu fasihi kubwa ya dunia, na hilo ni kweli. Lakini kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni kile ambacho kazi ile ilimfanyia mfasiri mwenyewe.

Chukua onyesho la pili la tendo la tatu, Kaizari akiwa ameshauawa. Brutus anasimama mbele ya umati na kueleza kwa nathari, kwa mantiki, kwa nini wamemwua. Watu wanamkubali. Kisha anasimama Antony, anasema kwa mashairi, na katika kurasa chache anawageuza watu walewale hadi wanatoka mbio kwenda kuchoma nyumba. Anafanya hivyo kwa kurudia sifa ileile ya wauaji mara nyingi mpaka sifa inaoza mdomoni, kwa kunyamaza mahali panapostahili, kwa kushuka jukwaani na kuwaita watu waizunguke maiti. Tena Shakespeare hakuuacha umati uwe kelele za nyuma. Aliuandikia mistari yake: unadakia, unaulizana, unabadili mawazo mbele ya macho yetu. Mfasiri wa onyesho hilo hana budi kumtafutia maneno Brutus, kumtafutia Antony, na kuwatafutia pia wale raia wasio na majina. Mtu aliyekaa na kurasa hizo mpaka umati wa Roma ukazungumza Kiswahili anajua fika kwamba umati nao ni mhusika.

Sasa turudi ukumbini, Upanga. Diamond Jubilee ni ukumbi uliobeba jina la jubilei ya almasi ya Aga Khan wa Tatu, aliyepimwa kwa almasi hapa Dar es Salaam mwaka 1946. Ukitoka Kariakoo kwa mguu, unapita Fire, unavuka Barabara ya Morogoro na kuingia Upanga. Si mwendo wa kuchosha. Ukaribu huo una maana yake. Wazee wa Dar es Salaam walikuwa na historia na msemaji. TANU ilianza na ofisi yake New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, pembeni mwa Kariakoo. Mikutano yake ilifanyika Mnazi Mmoja na Jangwani, na tangu mapema chama kilikuwa na Baraza la Wazee lililomsitiri kijana mwalimu aliyetoka bara asiye na mtu mjini. Kwa hiyo Rais alipoamua kulisema neno zito mbele ya wazee, badala ya kulisoma peke yake studio, aliuchagua ukumbi wenye wahusika waliokwisha kuizoea sehemu yao. Wazee wa mji wanajua kuitikia. Wanajua wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema “naam”.

Nyuma ya wazee kulikuwa na wasikilizaji wa pili, wengi mno, wasioonekana. Mwaka 1978 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilikuja mwaka 1994. Kwa mtu wa Mtaa wa Kongo au wa Sikukuu, kwa mchuuzi wa lile soko jipya la Kariakoo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, Rais siku ile alikuwa sauti iliyotoka redioni na basi. Uso, mikono, kimo, vyote vilipaswa kuingia kwenye sauti. Na nyuma ya hao kulikuwa na wasikilizaji wa tatu: serikali za nje, hasa zile za Afrika zilizokuwa zikishauri suluhu. Hotuba inawasemesha wote watatu, na sehemu kubwa ya ufundi wake ni jinsi inavyogeuza uso kutoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kubadili lugha.

Inaanza polepole. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na Amin alikuwa ametangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake. Wazee walikuwa wamekwisha kuzisikia habari hizo. Hata hivyo Mwalimu anawasimulia tena, kwa mpangilio, kana kwamba ni mara ya kwanza. Anayesikiliza kwa haraka ataiona sehemu hii kuwa ndefu bila sababu, na ndiyo inayokatwa na kila mkataji. Mimi naiona kuwa nguzo ya hotuba nzima. Katika tamthilia, onyesho la kwanza huwapa watazamaji wote ujuzi uleule, ili kitakachofuata wakipokee kwa pamoja. Kila mzee alikuja na habari yake aliyoipata barazani au kwa jirani. Mwalimu anazikusanya ziwe habari moja. Na sauti yake katika sehemu hii haina hasira. Ni sauti ya mtu anayetoa taarifa, na kwa kuwa haina hasira, hasira inabidi itoke kwa msikilizaji.

Halafu anawaingiza jukwaani wale marafiki wa nje wanaosema maneno ya suluhu. Hawapo ukumbini, ila anawapa nafasi ya kusema, maana anayataja maneno yao kabla ya kuyakataa. Hapo kwa mara ya kwanza kuna mgogoro wa jukwaani: upande mmoja mvamizi, upande mwingine wapatanishi, na katikati wazee wanaosikia nchi yao ikizungumziwa. Kabla ya kulitamka lile neno la vita, Mwalimu ameshawaweka wazee katika hali ya watu wanaosubiri mtu wao ajibu.

Jibu linakuja katika sentensi zinazojulikana na kila mtu. Kwanza anasema kwamba kazi iliyobaki ni moja tu, kumpiga. Kisha zinakuja tatu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Waulize watu watano mjini wakutajie sentensi hizo, na utashangaa wanavyozipanga. Huyu ataanza na sababu, yule na uwezo, mwingine ataanza na nia. Hakuna anayehisi amekosea, na wote wanaitambua hotuba. Maana yake ni kwamba kilichokaa kichwani mwa watu ni kiunzi kilichobeba nomino zile. Mfuatano wake haukushika. Na kiunzi hicho ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa karibu.

Kila sentensi inatanguliza kitu na kumalizia na kumiliki. Angeweza kusema kwa njia ya kawaida zaidi, tuna sababu, tuna nia, tuna uwezo, na wala pasingekuwa na kosa. Lakini hapo “tuna” ingetangulia na neno la mwisho lingebadilika kila mara, hivyo msikilizaji asingejua anapelekwa wapi. Kwa kugeuza mpangilio, Mwalimu ameweka “tunao” na “tunayo” mwishoni, mahali ambapo shairi letu huweka kina. Sentensi ya kwanza inamfundisha msikilizaji mwendo. Ya pili inamthibitishia. Ya tatu ikianza tu, ukumbi mzima unalijua neno la mwisho kabla halijatamkwa, na makofi yanapolipuka wazee wanakuwa wamelitamka pamoja naye, kwa sauti au kimoyomoyo. Ndivyo msimulizi wa hadithi anavyowashirikisha watoto tangu kwenye kianzio, ila hapa kinachoitikiwa ni vita.

Hesabu mizani. “Sababu ya kumpiga tunayo” ina mizani 11. “Uwezo wa kumpiga tunao” ina 11. “Nia ya kumpiga tunayo” ina 10, na ukiitanguliza “na”, kama tunavyofanya kwa kitu cha mwisho katika orodha, inafika 11 nayo. Sisemi kwamba alikaa mezani akahesabu. Nasema kwamba mtu aliyeishi na mistari ya Shakespeare, ile ya mizani 10 na mara nyingi 11, akaihamishia kwenye lugha ambayo sikio lake lililelewa na tenzi na methali, hana haja ya kuhesabu. Mstari unamjia ukiwa umekwisha kupimwa.

Kuna pia kile kiambishi kidogo kilichomo ndani ya “kumpiga”. Mtendwa ni mmoja. Sentensi haisemi tunawapiga, wala haiitaji Uganda. Katika hotuba ya kutangaza vita kati ya nchi mbili, adui amebanwa akawa mtu mmoja, hata jina lake halimo katika sentensi zenyewe. Mtunzi wa tamthilia anajua kwamba jukwaa haliwezi kubeba taifa likiwa adui, linabeba mtu. Na kisiasa uamuzi huo ulikuwa na uzito, kwa sababu Waganda waliokimbilia Tanzania walikuwa wakisikiliza, na baadaye walivuka mpaka pamoja na jeshi letu lililoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Kiambishi kimoja kiliwaachia mlango wazi.

Watu waliozoea kuona maandishi ya Mwalimu vitabuni hushangaa kidogo wanapoisikia sauti yenyewe mara ya kwanza. Si sauti nzito ya kutisha. Ni nyembamba, ya juu kidogo, yenye kupanda mwishoni mwa swali na kukaa huko juu ikisubiri. Katika kanda za miaka ya 1990 ina kicheko kinachochomoza katikati ya jambo zito, na kicheko hicho kina kazi: kinaonyesha kwamba mhusika anayeigizwa amekwisha kusema na sasa mwigizaji ametoka ndani yake kumtazama. Ukisoma maandishi ya hotuba hizo zilizochapwa, kicheko hakimo. Alama ya mshangao haiwezi kukifidia.

Na hapa lazima niseme jambo kuhusu kanda zenyewe, kwa kuwa umbo la sauti haliachani na chombo kilichoihifadhi. Hotuba zilirekodiwa na mafundi wa Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda za magurudumu, zikawekwa maktaba ya Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa kwa jina la Nyerere mwenyewe. Baadaye zikaenda kwenye kaseti, kutoka kaseti kwenda kaseti, halafu kwenye CD, halafu kwenye flashi na memori kadi ambazo vijana wa Kariakoo huwajazia watu nyimbo, mawaidha na hotuba kwa pamoja. Kila nakala ya kanda hupoteza kidogo cha juu na kuongeza mvumo. Na mashine ikizunguka haraka kuliko inavyotakiwa, hata kwa kiasi kidogo, sauti inapanda na kuwa nyembamba zaidi, na vituo vinafupika. Kwa msemaji wa kawaida hilo ni dosari ndogo. Kwa Nyerere ni hasara kubwa, kwa sababu vituo vyake ndiyo nusu ya kazi. Kituo kilichopo baada ya swali ni zamu ya umati. Ukikifupisha umemkata mhusika aliyekuwa anataka kusema.

Nadhani hii ndiyo sababu waigaji wanampata nusu tu. Kuiga sauti ya Mwalimu ni sanaa yenye wapenzi wengi mjini. Mwigizaji Steve Nyerere alilipata jina lake la kisanii kwa ustadi huo. Sauti inaigika: ule wembamba, kuvuta irabu, kicheko. Msikilizaji anatambua na kufurahi. Lakini mwigaji akipewa dakika moja analazimika kukimbilia kauli zinazotambulika, naye Mwalimu alizifikia kauli hizo baada ya nusu saa ya kupanga wahusika. Nimewahi kutamani mwigizaji mmoja mzuri achukue insha za Nyerere zilizoandikwa, tuseme Tujisahihishe ya mwaka 1962, azisome mwanzo mpaka mwisho kwa sauti yake mwenyewe bila kuiga lolote, turekodi, tusikilize. Hapo tungejua ni kiasi gani cha tamthilia kimo ndani ya maandishi na ni kiasi gani kilikuwa ndani ya koo la mtu mmoja.

Kanda za mwaka 1995 ndizo zinazoonyesha wahusika wengi zaidi. Wakati huo Mwalimu hana madaraka. Nchi inaelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudi. Machi anazungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro. Mei Mosi anahutubia wafanyakazi Mbeya. Zamani aliposema neno lilikuwa amri. Sasa silaha yake pekee ni kusema vizuri, na sanaa inapanda.

Sikiliza anavyozungumzia rushwa. Anataka kueleza kwamba zamani Serikali ilikuwa na ukali. Angeweza kutaja sheria ya mwaka 1963 iliyoweka adhabu ya chini kwa makosa fulani, akaendelea na mambo yake. Badala yake anatuonyesha mtu. Mla rushwa anahukumiwa kifungo, na juu ya kifungo kuna viboko 24. Anachapwa 12 siku ya kuingia gerezani. Anachapwa 12 siku ya kutoka, ili akamwonyeshe mkewe. Hapo watu wanacheka, na kicheko chao kimejengwa kwa ufundi wa hali ya juu. Sheria iliyoandikwa kwa lugha ya mahakama imegeuka onyesho lenye milango miwili, wa gereza na wa nyumbani, na mhusika wa pili ametokea ambaye hakimu hakumtaja kabisa: mke anayemsubiri mumewe na kukuta mgongo una alama mbichi. Hasemi neno hata moja. Kuwepo kwake kunatosha kuigeuza adhabu ya Serikali kuwa aibu ya nyumbani, na kila mfanyakazi aliyeko uwanjani anaijua nyumba hiyo kwa sababu ni yake.

Sina raha na kicheko hicho, naomba niseme wazi. Viboko ni viboko. Umbo zuri linaweza kutufanya tucheke pale ambapo kwa akili tulivu tungeuliza. Lakini kazi ya mhakiki ni kueleza jambo linavyofanya kazi, na hili linafanya kazi vibaya sana, yaani vizuri kupita kiasi.

Mfano mkubwa kuliko wote ni ule wa “sisi” na “wao”, katika mazungumzo yake ya miaka hiyo kuhusu Muungano. Msingi wake ni sentensi moja ya watu wawili. Kuna anayesema sisi Wazanzibari, wao Watanganyika. Mwalimu anamwacha aseme. Hambishii kwa takwimu wala kwa vifungu vya Katiba. Anampa anachokitaka: haya, Muungano umevunjika, Watanganyika wamekwenda zao. Anauondoa upande mmoja wa jukwaa, na anamwacha mhusika wake amesimama na sentensi yake mkononi. Sentensi inahitaji “wao”, na “wao” ameondoka. Basi mhusika anageuka, anawatazama waliobaki, na kusema: sisi Waunguja, wao Wapemba. Maneno yaleyale, muundo uleule, majina tu yamebadilika. Kisha anakwenda upande wa pili na kufanya vivyo hivyo. Tanganyika nayo ikibaki peke yake inagundua kwamba ndani yake kuna makabila. Ndipo anapoleta ile picha ya mtu aliyekula nyama ya mtu, ambaye akishaonja hawezi kuacha.

Watu huikumbuka nyama ya mtu, kwa kuwa inatisha. Lakini iondoe na hoja bado inasimama, kwa sababu ushahidi umo katika umbo la sentensi. Mwalimu ameonyesha kwamba ubaguzi ni kitenzi kinachohitaji mtendwa, na mtendwa akitoweka kitaokota mwingine. Hakusema hivyo kwa maneno ya nadharia. Alimweka mtu jukwaani, akamwondolea wenzake mmoja baada ya mwingine, akatuacha tuone mdomo wake ukiendelea kusema. Sijui kama kuna mtunzi wetu wa tamthilia aliyewahi kuliandika jambo hilo kwa uchumi mkubwa kuliko huo.

Katika hotuba ya Kilimanjaro kuna ile nyumba iliyopigwa na tetemeko, ikaonyesha nyufa: Muungano, rushwa, ukabila, udini. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ni dhaifu kidogo kisanaa, ingawa ndiyo iliyoipa hotuba jina mitaani. Nyumba haisemi. Nyufa ni orodha, na orodha ikishaanza msikilizaji anasubiri iishe. Mwalimu mwenyewe ni kama alilihisi, maana kila ufa anaoufikia anaufungulia kigenge cha watu wanaobishana, na hapo ndipo kanda inapochangamka tena. Ukabila haushughulikii kwa kulaani; anawauliza wanaoulizana makabila kama wanataka kwenda kutambika. Swali linakuja na sauti ya mtu mstaarabu anayetaka kujua kwa nia njema. Anayeulizwa hana pa kujificha.

Sasa kuna tatizo ambalo umbo hili limelibeba tangu mwanzo, na mapenzi yangu kwa kanda hizi hayaniruhusu kulipita. Katika tamthilia ya Kaizari, Brutus ana hotuba yake kamili, na Antony ana yake. Mtazamaji anawasikia wote wawili na anaweza kwenda nyumbani akiwa bado na Brutus moyoni. Katika tamthilia za Nyerere wahusika wote wanasema kwa koo moja. Mpatanishi wa mwaka 1978, mwenye “sisi” na “wao”, mgombea wa mwaka 1995 anayekimbilia Ikulu, wote wanapewa mistari na mtu ambaye ndiye atakayewajibu. Anawapa mistari mizuri, ya kutosha kuwatambulisha. Hawapi mstari wa kumshinda. Umati nao unaulizwa maswali yenye jibu moja. Wakati wa vita hilo lilikuwa nguvu. Kwa nchi iliyokuwa na chama kimoja kwa miaka mingi, ilikuwa pia namna ya kuzoea kusikia upande wa pili kupitia mdomo wa upande wa kwanza.

Mwaka uleule wa 1969 zilipotoka Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ilitoka pia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mtunzi ambaye baadaye aliacha kazi ya Chuo Kikuu na kuishi Kariakoo. Ndani yake mtu mmoja anatoa neno la kuunganisha watu, na neno linakua kuliko yeye, linamtoka mikononi, linakwenda vitani na watu walioliamini. Mwenyewe anaona linakoelekea na hawezi tena kulirudisha. Hussein aliandika juu ya Vita vya Maji Maji, si juu ya Rais wake. Ila ninaposikia zile sekunde chache za mwaka 1978 zikitoka kwenye spika ya duka la nguo, zikiwa hazina Kagera, hazina wazee, hazina wapatanishi, naona amelieleza vizuri linalolipata neno likishaachana na mchezo uliolizaa.

Kuna kanda moja ambamo lile tatizo la koo moja linatatulika kwa kiasi. Mwaka 1985, akijiandaa kung'atuka, Mwalimu alirudi Diamond Jubilee kuwaaga wazee wa Dar es Salaam. Haina kauli iliyovuma, kwa hiyo haichezwi sana. Anasimulia alivyofika mjini, jinsi wazee walivyompokea, dua walizomwombea harakati zilipoanza, mambo waliyomwambia akiwa kijana asiyejua desturi za pwani. Ufundi ni uleule: anawapa watu maneno, anaingia ndani yao, anatoka, anacheka. Tofauti ni kwamba safari hii anaowaigiza ni wazee wa mji huuhuu, mbele ya wazee wenzao. Wanawajua waliosema. Baadhi walikuwapo. Akikosea namna mzee fulani alivyotamka neno, ukumbi una watu wa kumsahihisha. Na anasimulia kama mtu anayelijua hilo, kwa uangalifu ambao hausikiki Mbeya wala Kilimanjaro, akitaja nani alikuwa wapi na nani alisema nini kwanza.